Ombi la Saa Tisa na Robo

Watu wa ofisi ile walimwita Bwana Tarehe, na hawakumwonea. Alikuwa karani wa masjala, yule mtu anayekaa nyuma ya dirisha dogo la kioo, anapokea barua na maombi ya kila aina, anagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, kisha anaandika siku na saa katika daftari kubwa. Kwa miaka ishirini na sita hakuna aliyefaulu kumshawishi agonge tarehe ya jana. Na si kwamba hawakujaribu. Mwalimu mmoja alilia machozi ya kweli pale dirishani. Mkuu wa idara alifoka mpaka kioo kikahitaji kufutwa. Binamu yake mwenyewe alikuja na ombi la kiwanja lililochelewa siku moja. Bwana Tarehe akampa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, kisha akamgongea tarehe ya siku ile ile. Binamu hajamsalimia mpaka leo.

Kanisani kwake, kanisa la Kiprotestanti alilohamia alipooa, alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la kipaimara. Huko nako alifundisha kama mtu wa masjala. Somo la wafu halikumchukua dakika tano. "Mtu akishakufa," alikuwa akiwaambia vijana, "barua zake hazipokelewi tena, za kwenda wala za kuja. Humwombei, na wala yeye hakuombei. Dirisha limefungwa. Kuna swali?" Swali halikuwepo. Nani angethubutu?

Mama yake mzazi alibaki Mkatoliki. Aliishi kwa binti yake, mdogo wake Bwana Tarehe, fundi cherehani, Mkatoliki kama mama. Mama huyo aliwaombea watu wote: majirani, majirani waliohama, mkwewe wa Kiprotestanti, fundi aliyeharibu bomba lake, na wafu wengi kiasi kwamba rozari yake ilikuwa imelainika kama kipande cha sabuni. Katika maisha yake yote hakumwomba mtu amwombee yeye.

Mpaka asubuhi ile. Alikuwa mgonjwa wiki ya tatu, na Bwana Tarehe alipitia kumsalimia kabla ya kwenda kazini.

"Mwanangu," mama akasema, "leo niombee."

"Nitakuombea, mama."

"Saa ngapi?"

Bwana Tarehe akatazama saa ya mkononi. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi, na hajawahi kuchelewa kazini. "Leo leo. Nikipata nafasi tu."

Mama akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayemjua mwanawe. "Haya. Ukipata nafasi."

Nafasi ikapatikana saa tisa na robo alasiri. Foleni ilikuwa imekwisha, dirisha liko wazi, feni inazunguka. Bwana Tarehe akaegemeza paji la uso kwenye kiganja, akafumba macho, akaanza: "Baba Mungu, mama yangu..."

Akalala.

Yeye! Mtu ambaye katika miaka ishirini na sita hakuwahi hata kupiga miayo mbele ya wananchi. Alilala fofofo, usingizi mzito na mtamu, shavu juu ya daftari, na alipoamshwa na simu ilikuwa saa kumi kasoro dakika tano na wino wa siku ile ulikuwa umehamia usoni kwake. Aliyepiga simu ni mdogo wake. Mama alikuwa ameondoka tangu saa tisa na nusu.

Tangu siku hiyo Bwana Tarehe alibeba jiwe kifuani. Hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Mama aliomba kitu kimoja tu katika maisha yake, kitu kisichogharimu hata nauli, na mwanawe akasinzia. Sasa alitaka kuitimiza ahadi yake, na hakuweza, kwa sababu mwalimu wa darasa la kipaimara alikuwa amekwisha kufunga dirisha. Kumwombea marehemu ilikuwa kugonga tarehe ya nyuma mbele ya Mungu mwenyewe. Kuacha kumwombea ilikuwa kumdanganya mama. Alikosa pa kushika.

Siku ya mazishi mambo yalizidi kuharibika. Wakatoliki walipokuwa wakiitikia sala za kumwombea marehemu apumzike, yeye alisimama kando ya kaburi amekaza midomo kama mtu anayekataa kung'olewa jino. Hakufanya hivyo kwa kiburi. Alijua tu kwamba akifungua kinywa kitatoka kilio, au kitatoka kitu kibaya zaidi, yaani sala. Lakini mdogo wake alimwona. Tangu hapo salamu zao zikawa fupi kama za watu wanaokutana kwenye ngazi.

Kilichomfichua ni macho. Kwa kuwa alilala akiomba, aliapa kutofumba tena macho katika sala. Basi kila Jumapili, zamu yake ya kuongoza maombi ikifika, alisimama wima mbele ya waumini, macho yamemtoka, akiwatazama mstari kwa mstari. Waumini waliozoea kuchungulia simu wakati wa sala wakajikuta wanatazamana naye ana kwa ana. Waliokuwa wakitoka nje kimyakimya walikwama vitini. Jumapili moja, miezi karibu mitatu baada ya mazishi, mtoto mchanga alimwona akaangua kilio, na mchungaji akaona sasa imetosha.

Alimwita ofisini, chumba kidogo chenye viti vitatu na spika mbovu ya kwaya.

"Mzee, kuna tatizo?"

"Mimi sina," Bwana Tarehe akasema. "Ila kuna mtu mmoja ninayemfahamu."

"Ehe."

"Mtu huyo alimwahidi mgonjwa kwamba atamwombea. Mgonjwa akafa kabla hajaombewa. Sasa anauliza, anaweza kumwombea?"

Mchungaji akamtazama kwa huruma. "Huyo mtu ni mzee wa kanisa?"

"Inawezekana. Sikumuuliza."

"Anafanya kazi masjala?"

"Mchungaji, tusimsengenye mtu ambaye hayupo."

Mchungaji alikuwa mtu mwema, na alijitahidi. Akaeleza kwamba sisi tunamshukuru Mungu kwa ajili ya waliotangulia, tunafarijiana, tunaamini wako salama mikononi mwake, lakini hatuwaombei, kwa kuwa hakuna kilichobaki cha kuwaombea. Kazi imekwisha, na imefanywa na Kristo, wala si sisi. Yote haya Bwana Tarehe aliyajua. Aliyafundisha.

"Na ahadi?" akauliza. "Ile ahadi aliyoitoa huyo mtu?"

Mchungaji akajikuna kidevu. "Ahadi hiyo... tuseme imepitwa na wakati."

Maskini, hakujua amesema nini. Bwana Tarehe alikuwa amewaambia watu maneno hayo hayo kupitia kioo kwa miaka ishirini na sita, na siku hiyo ndiyo aliyoonja ladha yake. 

Kutoka kwa mchungaji alikwenda kwa padri wa parokia ya mama yake. Naomba msimcheke, mtu aliyebanwa hachagui mlango. Padri alikuwa mzee mnene mwenye masikio makubwa, na Bwana Tarehe alimkuta anapanga viti vya mkutano; padri akamkabidhi vinne abebe.

"Mwombee mama yako, mwanangu," padri akasema alipokwisha kumsikiliza, akishusha vyake. "Kuna roho zinazotakaswa toharani, na sala zetu zinawafaa. Sisi na wao ni familia moja."

Bwana Tarehe akaweka viti chini kwa kishindo. "Toharani? Mama yangu?"

"Sisemi yuko huko. Nasema..."

"Mama yangu akatakaswe nini? Mwanamke aliyemwombea mpaka fundi wa bomba!"

"Kwani wewe unaamini kuna toharani?"

"Siamini hata kidogo. Lakini kama ipo, mama yangu hayumo."

Padri akacheka mpaka akaketi kwenye kiti kimojawapo. "Basi kama yuko mbinguni tayari, mwombe yeye akuombee wewe. Naona wewe ndiye mwenye shida."

"Hawezi kunisikia."

"Una uhakika?"

"Nafundisha hivyo."

"Sasa," padri akasema, akijifuta macho, "mwenye uhakika kama wewe amekuja kwangu kufanya nini?"

 Bwana Tarehe akasaidia kupanga viti vilivyobaki, kwa sababu alikuwa na adabu, akaenda zake.

Ikabaki makaburini. Alijiambia kwamba anakwenda kung'oa magugu, na kung'oa magugu hakujakatazwa na kanisa lolote. Akachagua saa ya chakula cha mchana, siku ya kazi, wakati hakuna watu. Akabeba kijembe kidogo kwenye mfuko wa karatasi, akikificha kama mtu aliyeiba.

Mtu alikuwepo. Kabla hajamwona alimsikia: "...na ule ufunguo wa kabati uliuweka wapi? Nimepekua kila droo. Miaka arobaini nakwambia weka vitu mahali pake, na sasa umekwenda na siri." Alikuwa Mama Sauti ya Kwanza, mjane, mwimbaji mkongwe wa kwaya ya kanisani kwao na mzee wa kanisa kama yeye. Amesimama mbele ya kaburi la mumewe, mikono kiunoni.

Wakaonana. Mama Sauti ya Kwanza akashusha mikono.

"Nafanya mazoezi ya sauti," akasema.

"Nimekuja kupalilia," akasema Bwana Tarehe, akatoa kijembe.

Wakatazamana. Kaburi la mama lilikuwa na saruji pande zote; hapakuwa na jani hata moja la kung'oa. Mama Sauti ya Kwanza akalitazama, akamtazama na yeye, uso wake ukalegea.

"Na wewe?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Mimi siongei naye," Bwana Tarehe akasema haraka. "Nataka tu kumwombea, na hilo nalo siwezi. Nilimwahidi akiwa hai, nikachelewa." Na kwa kuwa jiwe la kifuani lilikuwa limemchosha, akaongeza, "Nililala, mama. Nilianza kuomba nikalala."

Mama Sauti ya Kwanza hakushtuka. Mumewe alikuwa akilala katikati ya mahubiri kila Jumapili, akamalizia na kukoroma. "Sasa shida iko wapi? Mungu hana kalenda ukutani. Omba leo, halafu mwambie airudishe sala hiyo nyuma mpaka siku ile mama yako alipokuwa bado hai."

"Unataka nigonge tarehe ya nyuma?"

"Nani atajua?"

"Yeye!"

"Si ndiye utakayemwomba agonge?"

 Lilikuwa wazo zuri. Hilo ndilo lililomuudhi Bwana Tarehe. Binamu yake naye alikuwa na mawazo mazuri.

"Omba," Mama Sauti ya Kwanza akasema. "Mimi nitaangalia njia. Nikimwona mchungaji nitaimba."

Bwana Tarehe akapiga magoti. Macho wazi, kama alivyoapa, akaanza: "Baba Mungu, mama yangu..." Mbele ya macho yake, usawa wa pua, palikuwa na jiwe la kaburi, na kwenye jiwe tarehe mbili zimechongwa vizuri, ya pili ikiwa ile anayoijua. Akaisoma. Akajaribu kuendelea, akaisoma tena.  Angewezaje kumdanganya Mungu mbele ya tarehe iliyochongwa kwenye jiwe? Akasimama, akakung'uta suruali, akamshukuru Mama Sauti ya Kwanza, na kwa uchungu uliompanda akakisahau kijembe pale pale.

Jumamosi alikwenda kwa mdogo wake. Hakuwa na mpango wowote, miguu ilimpeleka. Cherehani ilikuwa inalia, sketi za shule zimerundikwa juu ya kitanda alichokuwa akilalia mama.

"Karibu, Kaka," dada akasema bila kuinua uso. "Kuna kiti."

"Nimekuja kukwambia kitu. Ukinifukuza nitaondoka."

Cherehani ikaendelea kulia.

"Siku ile mama alinitaka nimwombee. Nikasema nitamwombea. Sikumwombea, dada. Watu walipoisha dirishani nikafumba macho nianze, nikalala kama mtoto. Mama anakata roho, mimi nakoroma juu ya daftari. Ndiyo sababu siku ya mazishi sikuitikia. Sikustahili kufungua kinywa."

Cherehani ikanyamaza. Dada yake aliondoa mguu kwenye kikanyagio taratibu.

"Ulilala saa ngapi?"

"Saa tisa na robo."

"Unajuaje ni tisa na robo?"

"Dada! Mimi?"

Kweli, lilikuwa swali la kipuuzi. Dada akaikunja sketi aliyokuwa akiishona, akaikunjua, akaikunja tena. Alipoanza kusema hakumtazama.

"Kuna kitu nimekuficha. Nilikasirika pale kaburini, nikasema acha akae bila kujua. Halafu siku zikapita, nikaona haya kukwambia." Akameza mate. "Siku ile mchana mama aliniita. Akasema, 'Kaka yako ameniahidi kuniombea. Sasa hivi kazi imemmeza, masikini. Hajapumzika tangu ameanza kazi ile. Njoo tumwombee apumzike.' Nikamwambia, 'Mama, hiyo ya kupumzika ndiyo sala ya marehemu.' Akasema, 'Kwa nini tungoje mpaka afe?'"

Bwana Tarehe akakivuta kile kiti, akakaa.

"Tukaomba. Mama akasema, 'Mungu, mwanangu amechoka. Mpe apumzike hata kidogo.' Nikaitikia amina. Saa ile ya ukutani ilikuwa tisa na robo. Niliitazama kwa sababu dawa yake ilikuwa ya tisa na nusu. Hakufika kwenye dawa. Hilo ndilo neno lake la mwisho, Kaka. Wewe upumzike."

 Bwana Tarehe akanyoosha kidole, uso umemwiva.

"Kwa hiyo ni nyinyi! Nyinyi ndio mlionilaza!"

"Tulikuombea upumzike! Hatukusema upumzike papo hapo!"

"Miezi mitatu nawatolea watu macho kanisani!"

"Nimesikia. Hata parokiani kwetu wanakuongelea."

Akataka kukasirika zaidi, lakini sauti iligeuka njiani, na kilichotoka kilikuwa kicheko, na ndani ya kicheko kilio, vyote pamoja, kikubwa mno kwa chumba kile. Dada akaja akamshika kichwa, akacheka naye na kulia naye, na pini za kushonea zikamchoma begani na hakujiondoa. Alilia kwa kuwa alikuwa amejilaumu bure, alilia kwa kuwa mama alikuwa amemjua hivyo, na alilia kwa kuwa alimkumbuka tu, jambo ambalo hakuwa amelipatia nafasi.

Walipotulia, dada akampa kipande cha kitambaa cha sketi apenge kamasi.

"Ulipolala," akauliza, "ulikuwa umefika wapi?"

"'Baba Mungu, mama yangu.' Basi."

"Hukusema amina?"

"Amina ingetoka wapi? Nimekwambia nil..."

 Dada yake aliona macho ya kaka yanaganda kwenye ukuta kama ya mtu anayesoma bango la mbali.

"Sikusema amina," Bwana Tarehe akarudia polepole. "Dada, ombi likiingia dirishani kwetu kabla ya tarehe ya mwisho, limeingia. Hata wakubwa wakilikalia mwaka mzima, hata mwenyewe asipokuwepo tena, limepokelewa kwa tarehe ile na linashughulikiwa kwa tarehe ile. Langu limeingia saa tisa na robo. Mama ameondoka saa tisa na nusu."

"Kaka, huo si ujanja?"

"Ujanja ni kubadilisha tarehe. Mimi nimebadilisha nini? Silifungui jipya. Naendelea na lile lile."

Dada alitaka kusema kwamba kwao Wakatoliki mambo haya yote yasingehitajika, lakini alimtazama usoni akaona si siku yake. Akahamisha rundo la sketi.

Bwana Tarehe akapiga magoti kando ya kitanda. Akafumba macho, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu, na akaendelea kutoka pale pale alipoachia. Akamwambia Mungu kwamba mama yake anaumwa kifua, na miguu inampata baridi hata jua likiwa kali. Kwamba anawaombea watu wengi mno na yeye haombewi na mtu. Kwamba anataka kukumbukwa, ila anaona aibu kusema. Akaomba asiogope, asiwe peke yake. Akaomba na kuomba, sauti yake ya dirishani imemtoka kabisa, na dada aliyepiga magoti ubavuni mwake akajikuta anaitikia moyoni kila neno.

Kisha akanyamaza. Dada akasubiri. Alikuwa na amina yake tayari mdomoni, akasubiri ya kaka yake ianze. Feni ya jirani ilisikika, na gari likapita barabarani.

Bwana Tarehe akasimama, akapangusa magoti, akachukua kofia yake.

"Kaka," dada akasema kutoka sakafuni, "hujamaliza."

"Najua," akasema. "Nitapita tena kesho."